Sare ya Miavuli

Seva yetu ya kwanza iliishi kwenye kijikorido cha kwenda chooni. Haikuwa dharau. Soketi nyingine zote za duka zilikuwa na kazi: moja ya birika, moja ya mashine ya kadi, moja ya pasi, na moja ya taa ndogo ya madhabahu ya mama mwenye duka, ambayo haikuruhusiwa kuzimwa hata kwa dakika. Ilibaki ile ya koridoni. Kila aliyekwenda chooni aliinua mguu kuruka waya, na aliyesahau kuinua mguu alilizima duka letu la mtandaoni kwa Uingereza nzima.

Duka lenyewe, lile la matofali, lilikuwa Edmonton, kaskazini mwa London, katikati ya kinyozi na muuza magodoro. Tuliuza vitenge. Mwenyewe alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, akaja London angali msichana, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza ya zamani, kizuri kuliko changu. Alituita wote baba, bila kujali umri. Sisi tulimwita mama.

Mimi nilikuwa nimefika London katikati ya miaka ya tisini, na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kuomba kukiona. Nilikuwa nimeuza viatu Stratford, nimesukuma wazee kwenye viti vya magurudumu, nimefagia mabehewa ya treni. Kazi nilikuwa naziacha pale tu zilipoanza kunizoea. Begi langu halikuwahi kufunguliwa lote katika chumba chochote nilichopanga. Nguo za chini kabisa nilizisahau hata rangi zake. Siku mama aliponiajiri kukunja vitambaa na kupeleka vifurushi posta, nilimwambia kwa uungwana kwamba ningekaa mpaka baridi ipite.

"Ya mwaka gani?" akauliza, akanipa mkasi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Watu walikuwa bado wanauliza kama ni salama kununua nguo bila kuishika. Tovuti yetu aliitengeneza bwana mmoja wa Nakuru, ambaye siku za kazi alihudumia kompyuta za benki moja mjini, na Jumamosi alikuja kuhudumia yetu. Sote tulimwita fundi. Alilipwa kwa chakula cha mchana na vitenge vya mkewe, na mkewe alikuwa anavaa vizuri sana.

Nieleze jinsi duka lilivyokuwa linaanguka, maana kuanguka ndiko kulikokuwa kazi yake kubwa.

Wiki nzima tulipata wateja wa kuhesabika kwa vidole. Kisha ikaja Jumapili. Wateja wetu wengi walikuwa Wakongo wa mashariki, watu wa kanisa, na kila harusi yao ilikuwa na sare. Sare haitangazwi kwa barua. Inatangazwa kanisani, baada ya sadaka, na mwenyekiti wa kina mama, ambaye anasimama na kukishika kitambaa juu kama bendera. Anasema kinapatikana wapi. Watu wanasema amina. Kisha wanarudi nyumbani, wanatenga chakula, na mara tu sahani zikishatolewa mezani, kanisa zima linaingia dukani kwetu kwa pamoja, kupitia mlango mmoja, ambao uko kando ya choo.

Seva ilikuwa inahema kwa muda, halafu inanyamaza. Hapo simu ya mama inaanza kulia.

"Mama, duka lako limekufa?"

"Halijafa, limepumzika. Wewe wa nani?"

"Wa mama fulani wa Walthamstow."

"Upande wa bibi harusi au wa bwana?"

"Wa bibi."

"Umetumwa na nani?"

Akisharidhika na majibu, anasema, "Haya, nimekuwekea." Anakwenda rafuni, anatoa pisi moja, yaani kipande kizima cha kitenge, anaifunga kwa utepe na kuisukuma chini ya meza. Hakuandika popote. Fundo la kushoto lilikuwa la mtu huyu, la kulia la mtu yule, mafundo mawili ya mtu anayechelewa kulipa. Jumatatu asubuhi chini ya meza palikuwa pamejaa na kila kitambaa kilikuwa na mwenyewe. Sikumbuki hata siku moja aliyokosea.

Fundi hakuipenda habari hii. "Mama, hii si biashara, hii ni kutunziana," alisema. "Watu wanakuja kwa website, website inalala, wanakupigia simu. Sasa website ni ya nini?"

"Ya picha," mama akamjibu.

Lakini tulikuwa tunakua, hilo halikuwa na ubishi. Makanisa yalikuwa yanazaana. Lile la Edmonton lilizaa la Stratford, la Stratford likagombana ndani kwa ndani na kuwa mawili, na yote mawili yakawa na vijana wa kuoana. Wanawake wa Kinigeria nao walitupata, na Waghana, na kisha Waingereza wanaoshona mito ya makochi. Fundi alikuja Jumamosi moja na grafu kwenye karatasi. Mstari ulipanda kama ngazi ya kuegemezwa ukutani.

"Mnakua haraka kuliko mfumo wenu," akasema, kwa sauti ya daktari.

Akaihamisha seva kutoka koridoni kwenda jengo moja lisilo na madirisha huko Docklands, ambako mashine za watu wengine zilikuwa zimepangwa kwenye kabati na kupulizwa hewa baridi. Tulikwenda kuiona mara moja, mimi na yeye. Nilivaa koti. Nilifikiria ilivyokuwa inaishi nasi, na joto lake lililokuwa linakausha taulo, na kwa kweli nilisikitika kidogo. Baadaye ikawa mashine mbili, moja ya kuonyesha picha na moja ya kupokea oda. Kisha ikaja ya tatu, ambayo kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kuwaelekeza watu, wewe pita huku, wewe pita kule, kama askari wa njia panda. Fundi alisema sasa kuna sehemu moja tu nyembamba iliyobaki katika mfumo mzima.

"Ipi?" nikauliza.

"Wewe."

Nikaongezewa meza, mkasi wa pili, na mashine ya kuchapa lebo za anwani, ambayo ilichapa yenyewe oda ilipoingia. Sikuhitaji tena kusoma chochote wala kumuuliza mama. Nilikata lebo, nikabandika, nikaweka kwenye gunia, na kila asubuhi gari la posta likaja kubeba kabla mama hajarudi kutoka hekaluni alikosali kila asubuhi.

Sehemu ya ukuaji ule, ni lazima niseme, haikuwa ukuaji. Wateja wetu walikuwa hawaendi dukani peke yao hata walipokwenda kwa kompyuta. Mama wa nyumba alikaa kwenye kochi akatoa amri, na mtoto ndiye aliyebonyeza. "Bonyeza," anasema mama. Mtoto anajibu kwa Kiingereza kwamba bado inafunguka. "Bonyeza tena." Mtoto anabonyeza tena. Kwenye grafu ya fundi hao walikuwa watu wawili. Tena kila dada aliagiza na ya dada yake, kwa kuwa alimjua dada yake kuwa ni mzito wa kuagiza, na dada mzito naye siku hiyo aliamka mwepesi akaagiza ya kwake na ya mwenzake. Fundi aliyaona haya yote kama mahitaji. Aliongeza mashine.

Basi hali ilikuwa hivyo alipoingia dukani mama wa bibi harusi.

Alikuwa mama wa Bukavu, mrefu, aliyekuwa anafanya usafi kwenye hospitali asubuhi na kuimba kwaya mwisho wa wiki. Alikuwa amekaa London miaka mingi akisubiri karatasi zake za ukimbizi, na katika miaka hiyo ndugu zake walioa na kuolewa huko nyumbani pasipo yeye. Sasa alikuwa na karatasi, na binti yake mkubwa alikuwa anaolewa, na dada zake na wajomba zake, waliotawanyika London na Leicester na Ubelgiji, wangekuwa mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu watoke kwao. Hakuamini rangi za kwenye kompyuta. Alivua glavu akashika vitambaa kimoja kimoja, akaviweka mashavuni, akanusa wanga. Akachagua kitenge, au kikwembe kama wasemavyo kwao, cha bluu iliyokolea chenye miavuli ya njano iliyofunguliwa.

"Harusi na miavuli?" mama mwenye duka akauliza. "Huogopi mvua?"

"Mvua ni baraka. Na apa London tutakuwa na baraka mingi." Wakacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mama, sikiya. Kutakuwa photo. Ile photo itaenda Bukavu, mama yangu ataiweka ku ukuta. Iko mama muzee, ataiangalia kila siku. Muntu asiye na kikwembe ku photo, atauliza, ule ni nani? Batamwambia ule ni dada yako mudogo, ni mutoto yako. Hapana. Sitaki aulize juu ya muntu ata moja."

"Hatauliza."

"Bantu bote."

"Wote. Miavuli yote niliyonayo ni yako. Nimekuwekea."

Nilikuwa nimesimama pale na mkasi. Mzigo wote wa miavuli ulikuwa rafuni nyuma, na ulitosha harusi ile na kubakiza. Aliyetuuzia jumla alishasema hautachapwa tena. Picha yake ilibaki kwenye tovuti, kwa kuwa kila mgeni alitakiwa kujinunulia mwenyewe, na wageni wenyewe walikuwa mpaka Ubelgiji. Mama hakuona tatizo. "Nani mwingine atavaa mwavuli?" alisema.

Kwa ajili ya Jumapili ile ya tangazo fundi alifanya kazi aliyojivunia sana. Aligundua kwamba kilichokuwa kinaichosha mashine ya oda ni kuulizwa swali moja na watu wote: bado ipo? bado ipo? Akaifundisha ile mashine ya mbele kukumbuka jibu. Mtu wa kwanza akiuliza kama miavuli ipo, inakwenda kutazama. Watu wanaofuata inawajibu kwa kumbukumbu, ipo, bila kwenda kutazama tena mpaka muda upite.

"Kama karani wa ofisi," nikasema.

"Karani mzuri," fundi akasema.

Jumapili ikafika. Tulikuwa dukani wote watatu, na chai, na chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa kutafuna, kwenye bakuli. Kanisa la Edmonton likatoka. La Stratford likatoka. Fundi alikuwa anatazama namba kwenye kioo cha kompyuta yake ya kupakata, na namba zilikuwa zinapanda mpaka akasimama. Mama alikuwa ameishika simu mkononi tayari. Simu haikulia. Tukasubiri. Mashine yangu ya lebo ikaanza kutema karatasi, na ikaendelea, na karatasi ikafika sakafuni na kujikunja kama nyoka anayetafuta pa kulala.

"Haijaanguka," fundi akasema.

"Labda simu ni mbovu," akasema mama. Akanituma nikaipige kutoka kibanda cha nje. Ikalia. Akaipokea akasema haloo, nami nikasema haloo, tukakata.

Nimewahi kuona watu wakifurahi kwa kupata mtoto, sikuona tofauti kubwa. Fundi alimpigia mkewe. Mama alivunja nazi mbele ya madhabahu. Mimi nilikula chevda yote iliyobaki. Asubuhi yake nilifunga vifurushi kwa kufuata mkanda wa lebo kuanzia wa kwanza, na gari la posta likaondoka na magunia yaliyojaa, na rafu ya miavuli ikabaki ubao mtupu, na mkanda wa lebo ulikuwa haujafika hata nusu.

Mama alirudi kutoka hekaluni akautazama ubao. Kisha akautazama mkanda uliobaki mkononi mwangu.

"Hawa ni akina nani?"

Nikamsomea. Wajomba wa Leicester. Kwaya ya Stratford. Dada mkubwa wa mama wa bibi harusi.

"Na waliokwenda na posta?"

Hao lebo zao zilikuwa zimeshaondoka nao, lakini baadhi nilizikumbuka, kwa kuwa zilikuwa za mahali ambako hatujawahi kutuma. Pisi nane kwa mshona mito huko Bristol. Pisi kadhaa Scotland. Nne Thornton Heath, kusini mwa jiji, kwa jina la Kiislamu. Watu hawa hawakuwahi kutangaziwa kitu. Walikuwa wametazama tu picha, wakapenda miavuli, na duka likawajibu kwamba ipo.

Fundi aliitwa kutoka benki. Alikuja na tai yake.

"Nilimwekea," mama alimwambia. "Nilisema mbele ya huyu baba, nimekuwekea."

"Uliweka wapi, mama?"

"Niliweka! Nikisema nimeweka, nimeweka."

"Kwa kompyuta hukuweka. Kompyuta iliulizwa kama ipo, ikasema ipo."

"Hata ilipokuwa haipo!"

"Hapo ni ile kumbukumbu. Hiyo nitarekebisha."

"Ilikuwa inaanguka, watu wananipigia, nauliza, wewe wa nani? Sasa haianguki. Nani aliwauliza hawa ni wa nani?"

Fundi akalegeza tai. "Mama, duka haliulizi watu ni wa nani."

"Langu linauliza," mama akasema.

Mama wa bibi harusi alikuja kesho yake na sare yake ya kazi, akiwa amejulishwa na dada yake mkubwa kwamba pesa zimerudi bila kitambaa. Hakupiga kelele. Tungependelea apige kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja akauliza, "Dada yangu mukubwa, njo alinilea, siku ya photo atavaa nini? Koti?"

Mama mwenye duka akaanza kukunja kitambaa kilichokwishakunjwa.

"Harusi imebaki wiki mbili," mama wa bibi harusi akasema. "Weye mama uliniambia umeniwekea. Mi nikaambia bantu. Sasa niko muongo ku kanisa."

Mama mwenye duka alinitazama. Nilikuwa nimefanya kazi hapo baridi kadhaa kupita ile niliyoahidi, na nilijua maana ya kutazamwa vile. Ilikuwa ni mimi wa kutembea. Kwa haki yote, nilikuwa nimechoka kukaa.

Nikazunguka London kwa siku nyingi na begi tupu. Nilianza na ndugu, kwa kuwa nilijua wamejaa vitambaa ambavyo si vyao. Hakuna kazi ngumu kama kumwambia mtu kwamba ana cha ziada.

"Hii ni yangu," mama mmoja wa Stratford aliniambia mlangoni, "na hii ni ya mudogo wangu."

"Mdogo wako anayo. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Anayo? Nani alimwagizia?"

"Mwenyewe."

"Ule? Mwenyewe?" Akamwita mumewe aje kusikia. "Na iyi ingine aliagiza ya nani?"

"Ya kwako."

Akaona aibu na furaha kwa pamoja, akanipa pisi moja na sahani ya wali na sombe, kisamvu cha kwao. Nyumba iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyumba baada ya hiyo, na wali kila mlango. Walikuwa wamependana sana watu wale, kila mmoja kwa siri yake, kupitia kadi ya benki. Begi likajaa mara ya kwanza, nikalimwaga dukani, nikatoka tena. Nilipanda mabasi ya ghorofa, kiti cha juu mbele kabisa, nikaona madirisha ya watu wote. Bado naota mabasi yale nikiwa mahali pengine. Huwa naamka nikitafuta kengele ya kushukia.

Mshona mito wa Bristol alishakata. Wa Scotland hakupokea simu. Ikabaki Thornton Heath.

Alifungua mlango bibi wa Mombasa, mwenye leso mbili na miwani ya kamba. Sebuleni kwake dirisha moja lilikuwa na pazia jipya la bluu lenye miavuli. Pisi tatu zilikuwa mezani zimekunjwa, na mkasi juu yake.

Nilimweleza habari yote tangu mwanzo. Alinisikiliza vizuri, akanimiminia chai ya tangawizi.

"Kwa hivyo wataka nikupe kitambaa changu, nilichonunua mimi, nikae na dirisha moja uchi."

"Ndiyo bibi. Utarudishiwa pesa, na mama anakupa kitenge kingine, chagua chochote."

"Na arusi yenyewe ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo, Edmonton."

"Nami mbona sikualikwa?"

"Bibi, watu hao huwajui."

"Sare si ninayo?"

Nilitazama pazia.

"Mwanangu," akasema, "nina miaka minne sijenda arusi. Wanangu waoa afisini, watia saini, warudi kazini. Waambie nawapa hizi tatu, na hili pazia nalishusha nashona dera. Lakini naja."

Nikampigia simu mama wa bibi harusi nikiwa hapohapo sebuleni. Akasikiliza. Nyuma yake nilisikia ndoo ikiburutwa kwenye korido ya hospitali.

"Ule mama anakula kuku?" akauliza.

"Ya halali."

"Tutapata ya halali. Mwambie akuye."

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Mvua ilinyesha mpaka adhuhuri kisha ikachoka. Fundi alikuwa amealikwa pia, kwa kuwa mkewe alishakuwa na miavuli tangu mzigo ulipoingia. Alisimama karibu na jiko akiangalia masufuria, maana baada ya bibi wa Mombasa kualikwa, habari ilikuwa imeenea kwamba kila aliyejitolea kurudisha kitambaa anaweza kuomba kiti cha ziada, na watu waliomba. Foleni ya chakula ilizunguka ukumbi mara mbili. Kulikuwa na mpakuaji mmoja.

"Waongeze meza ya pili," fundi aliniambia. "Hii ina sehemu nyembamba." Hakuna aliyemsikia kwa sababu ya ngoma.

Kisha wakaitwa kupiga picha, nje, kwenye ngazi. Mama wa bibi harusi hakukaa mahali pake kwanza. Alipita mbele ya safu zote, kutoka upande huu mpaka ule, akimgusa kila mtu begani, akivuta mikunjo. Dada yake mkubwa alikuwa katikati, amevaa miavuli mpaka kichwani. Wajomba wa Leicester walikuwa na mashati. Kwaya ilitosha, ingawa wawili walikuwa wamegawana pisi moja na sketi zao ziliishia magotini. Bibi wa Mombasa alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti, ameshasahau kwamba watu wale hakuwajua. Shemeji mmoja aliyefika kutoka Ubelgiji bila taarifa alikuwa amepata tai tu. Mama wa bibi harusi alimvuta mkono.

"Weye simama nyuma ya muntu mufupi," akamwambia, "tai ionekane."

Akarudi mahali pake. Mpiga picha akapiga, akapiga tena. Hakukuwa na mtu kwenye ngazi zile ambaye mama mzee wa Bukavu angeuliza ni nani, isipokuwa bibi wa Mombasa, na kwa huyo nilisikia baadaye kwamba mama mzee alipouliza aliambiwa ni shangazi.

Watu walipotawanyika kurudi kwenye kuku, mama wa bibi harusi alinifuata pale nilipokuwa nimesimama na mwenye duka, chini ya mchirizi wa paa uliokuwa bado unadondosha maji. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa wa kawaida. Alitushukuru, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

"Na ile duka yenu ya ku kompyuta," akauliza, "iko muzuri sasa?"

"Ni nzuri sana," nikasema. "Haianguki tena. Hata makanisa yote ya London yakiingia pamoja."

"Njo mubaya yake," akasema. "Wakati ilikuwa inaanguka, nilikuwa napata bikwembe byangu."

Jumatatu mama mwenye duka alimwita fundi, akamwambia amtafutie namna ya kuliangusha duka kidogo, Jumapili tu, baada ya chakula.